Kichupa cha Majike

Kazini walimwita Bibi Nzi, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kutenganisha nzi wanaotaga mayai juu ya viwavi, funza wakianguliwa wamle kiwavi angali hai. Walikuwa wa aina mbili, wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Madume aliwalaza chali chini ya hadubini na kuwafunua ncha ya tumbo kwa sindano: mwenye kindoano kilichopinda huku, mwenye kilichonyooka kule. Majike hawana alama yoyote, kwa hiyo wote walitiwa kichupa kimoja, basi.

Dada yake alipozikwa, hakutoa hata chozi. Shangazi alisema ana moyo wa jiwe. Kesho yake alirudi kwa nzi wake. Mama yao, ambaye kumbukumbu ilishamtoka, hakuambiwa kitu. Ukoo mzima ulikubaliana hivyo.

Jioni hiyo alikuwa akimwosha mama miguu. Mama alimshika shavu, akamwita kwa jina la dada. Siku zote alimsahihisha. Leo hakuwa na nguvu.

"Abee, mama."

"Afadhali wewe unakuja. Yule mdogo wako wa nzi, mbona simwoni?"

Alichukua taulo.

"Amefariki, mama. Tumeshamzika."

Mama aliangua kilio, akilitaja jina lake, mtoto wake wa mwisho, kitindamimba chake. Yeye aliendelea kumkausha vidole, kimoja kimoja, akisikiliza anavyoliliwa.