Nilimwambia Mzee Disketi Zake Zilikuja Tupu

Kosa ni langu, wacha nianze na hilo kabla sijajitetea. Kama kuna mtu aliyefanya Mzee Elijah aitwe mnafiki kwenye kambi ya wakimbizi, hapa Nakuru, ni mimi. Lakini sikuwa peke yangu, na huyo mwingine ndiye ananiuma mpaka leo.

Mwaka wa 2008 nilikuwa na kibanda cha kutaipu mjini, mimi na Mercy. Tulijuana tangu kozi ya kompyuta. Nguo tulikuwa tunaazimana, na mtoto wangu alimwita mama mdogo.

Mzee Elijah alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa katekista huko Keringet, na kanisa lao lilichomwa zile fujo za baada ya uchaguzi. Vitabu vya ubatizo viliisha kwa moto. Alichookoa ni mkebe wa kakao wenye disketi kumi na moja, alizotaipia miaka mingi kwa kompyuta ya kizamani aliyoachiwa na padre mzungu. Kompyuta yenyewe iliungua. Ndani ya disketi kulikuwa na majina ya wote waliobatizwa kule, wa makabila yote, na siku walizozaliwa. Watu kambini walikuwa wamepoteza kila karatasi, na hiyo orodha ndiyo ingeonyesha kwao ni wapi.

Alitaka niihamishe kwa CD. Akaniambia, "Mama, nyingine hakuna. Ni hii tu."

Sasa sikieni upumbavu wangu. Kwetu sisi watu wa kutaipu, disketi ya mteja ilikuwa ni ya kufomati. Wanafunzi walituletea zimejaa virusi, tunafuta kwanza ndio tuanze kazi. Vidole vilishazoea. Nilipoweka ile ya kwanza, mashine ikasema haijafomatiwa, ikauliza kama ifomati. Kumbe haikuwa tupu! Iliandikwa na kompyuta ya aina nyingine, na yetu haikujua kuisoma. Hilo nilikuja kulijua maji yakiwa yamemwagika. Siku hiyo nilimuuliza tu Mercy.

"Bonyeza Yes," akasema. "Ikishafomati itafunguka."

Mashine ikakataa. Mzee alikuwa amesukuma kile kidude cha kwenye kona kinachozuia disketi isifutwe. Alikiweka hivyo makusudi, akilinda majina ya watu, na mimi nikakirudisha kwa ukucha! Ya kwanza ikafunguka, haina kitu. Tukasema labda majina yako kwa zile zingine. Tukagawana zilizobaki, mimi tano, Mercy tano.

Zote kumi na moja tukazifuta, na hapo ndipo tukaelewa tulichofanya. Nililia. Mercy alinishika mkono akasema tukikubali kosa kazi imeisha, hakuna mteja atarudi, afadhali tuseme zilikuja tupu. Tukaapiana hakuna atakayefungua mdomo.

Mzee aliporudi nilimwambia hivyo nikimwangalia usoni. Aliketi kwa kiti cha wateja. Akasema labda ni ule moshi, labda ni yeye hakujua kuhifadhi. Halafu akanishukuru. Jamani! Umemmaliza mtu na anakushukuru!

Kambini mambo yakamgeukia. Wale wasio wa kabila lake walisema amefuta majina yao makusudi, ili wakose ushahidi kwamba walizaliwa Keringet. Wengine wakasema ni watu wa kutaipu wamefanya mchezo, na mzee akanitetea, akaapa kwamba yule msichana ni mwaminifu. Habari zilinifikia. Nikanyamaza wiki mbili nzima.

Siku wazee watatu wa kambini walipokuja kuuliza, nilikuwa nimeenda Naivasha kumwona dada yangu anayefanya kazi kwa shamba la maua. Mercy hakuulizwa mara mbili. Aliwaambia kila kitu isipokuwa sehemu yake. Ni mimi nilifuta, ni mimi nilidanganya, na eti yeye alinikataza nikawa kichwa ngumu. Nilirudi nikampata akitaipu tu, hata hainui macho. Nikamuuliza imekuwaje.

"Kila mtu abebe wake," akasema.

Mercy! Wa bonyeza Yes! Kikulacho ki nguoni mwako, hiyo methali nilikuwa nikiiandika tu kwa insha shuleni. Nilimchukia huyo Mercy hadi chakula kikanishinda.

Halafu mzee mwenyewe akaja. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Ungeniambia umeziharibu, ningeenda kuwaambia zimeharibika, tulie pamoja yaishe," alisema. "Wewe umeniacha nikuapie mbele ya watu, sasa wananiita mnafiki, eti tulipanga pamoja."

Yale Mercy alinifanyia, mimi ndiye nilitangulia kumfanyia huyu mzee.

Baadaye alinunua daftari, akawa anazunguka hema kwa hema akiandika majina upya, kwa kukumbuka na kuuliza. Nilienda kumwomba nimtaipie bure. Alifunga daftari akaliweka kwapani. Watu wa kabila lake walimpa majina. Wale wengine walikataa kata kata, na hadi wanahama kambini hakuna aliyewaandika.

Wewe unayeachiwa vitu vya watu kwa mashine yako, ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Usingoje mwenyewe aende kuapa kwa jina lako. Na mtu akikuambia mfiche pamoja, jua siku ya kuulizwa utakuwa peke yako. Zile disketi ningesamehewa. Najua, kwa sababu mzee aliniambia mwenyewe.