Mvalishaji na Joho la Shuyao

Kuna mama mmoja pale Luoyang, Uchina, kazi yake kuvalisha wasichana mavazi ya enzi za wafalme wapigwe picha bustanini. Pini huziuma mdomoni, na hugombeza nazo hivyo hivyo wala haidondoki hata moja. Kila joho sharti lifungwe upande wa kushoto juu ya wa kulia. Ukikosea anakuchapa vidole, maana kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti.

Basi siku hiyo alikuwa anamvalisha Shuyao. Dada yake Shuyao alikwisha kupigwa picha akitazama kulia kwa picha, akakimbilia treni. Sasa Shuyao atazame kushoto kwa picha, ili picha zikiunganishwa ndugu hao waonane. Mara nyuki akamuuma jicho la kushoto, lile la upande wa kamera, likavimba kama andazi.

"Usilie, rangi itachuruzika," mpiga picha akasema. "Tazama kulia, jicho lijifiche. Picha nitaipindua kwenye kompyuta, kulia kuwe kushoto."

"Na joho si litapinduka nayo?" mama akang'aka. "Unataka kumzika mtoto wa watu mzima mzima?"

"Basi mfunge kinyume, shangazi. Picha ikipinduliwa, litakaa sawa."

 Mama akamtazama Shuyao anavyojikaza asilie. Akatema pini zote kiganjani, akamfunga kimaiti, kisha akamfungulia mwavuli wa karatasi juu ya kichwa.

"Piga upesi wewe!" akafoka, jicho lake liko mawinguni. "Babu zake wasije wakashuka kumpokea!"