Ng'ombe wa Matanga ya Chebet

Shuleni kwetu, kila Ijumaa jioni wapishi huosha matumbo ya ng'ombe nyuma ya jikoni, na upepo ukigeuka ile harufu huingia bwenini mpaka ndani ya mablanketi. Wenzangu wa kidato cha tatu hushangilia, maana siku ya matumbo ndiyo siku mchuzi unakuwa na mafuta. Mimi hufunga dirisha. Msichana tunayelala naye kitanda cha juu na chini hunicheka, ati najifanya mtoto wa Nairobi. Huwa simjibu. Sijui kueleza mambo marefu kwa mdomo. Watu wakinitazama maneno hunikimbia. Kwa kalamu naweza. Kwa hivyo kaa hapa nikuambie wewe, kwa sababu wewe hutanikatiza.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa kwenye laini za shamba la chai, karibu na Kiptere, nyumba za wafanyakazi zilizopakwa chokaa na kushikana ukuta kwa ukuta, hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Baba alifanya kazi kiwandani na alirudi nyumbani akinuka majani yaliyokaushwa, harufu tamu inayokwaruza pua. Mama alichuna chai. Kwetu kwa asili ni upande wa ziwa, lakini ziwa lenyewe nilikuwa nimeliona Krismasi tu. Mimi nilichojua ni mvua ya mchana, matope mekundu, na kijani kile kisichoisha.

Ukuta wetu wa kushoto ulikuwa wa kina Zuhura. Mimi na Zuhura tulikaa dawati moja. Mama yake alichuna chai pamoja na mama yangu, ndiyo maana walikuwa na nyumba pale. Baba yake alikuwa Mnubi, Mwislamu mzaliwa wa Kericho mjini, na babu yake Zuhura pia alizaliwa hapo hapo. Alichinja katika bucha ya senta, pale penye maduka. Ila kazi yake haikuishia bucha. Pale kwetu, shughuli yoyote ya watu wengi, iwe harusi, ubatizo, matanga au shukrani ya kanisa, mnyama alichinjwa na Baba Zuhura. Watu karibu wote walikuwa Wakristo, lakini hakuna aliyeshika kisu yeye akiwepo. Wazee walikuwa na msemo wao: nyama ya wengi haina maswali. Yaani mgeni wa dini yoyote akiingia boma lako, apewe sahani ale, asilazimike kuuliza.

Sisi watoto tulipenda kumtazama. Alikuja na kisu amekificha nyuma ya mgongo, ng'ombe asikione. Alimpapasa shingo polepole akimnong'onezea, kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa. Zuhura alijivuna siku hizo, akatugawia nafasi za kukaa kwenye ua kama yeye ndiye mwenye uwanja.

Halafu likatokea lile shambulio. Magaidi waliodai kupigania Uislamu waliingia chuo kimoja, mbali sana na kwetu, wakaua wanafunzi. Sitaandika walivyowaua. Redio ilisema vya kutosha, na simu za watu zikaonyesha mengine ambayo mtoto hakupaswa kuona, na mimi niliyaona. Mmoja wa waliokufa alikuwa Chebet.

Chebet alikuwa mtoto wa kwanza wa upande wetu kwenda chuo. Shamba la mama yake lilipakana na la kampuni, tulitenganishwa na mtaro tu. Ndiye aliyetufundisha Sunday-skuli, sisi wa laini na watoto wa Wakipsigis wa vijijini, na akisahau mistari alicheka kwa sauti kuliko sisi. Mama Chebet alipopewa habari alikuwa anakamua ng'ombe. Wanasema alimaliza kukamua kwanza. Alibeba maziwa mpaka jikoni, akafunika, ndipo akaanguka.

Sasa tukawa tunangoja mwili uletwe. Na hapo ndipo watu walipoanza kuniudhi.

Kulikuwa na rafiki wa baba tuliyemwita Anko Jared. Alikuwa na kibanda cha nyama ya nguruwe pale senta, kibanda cha pekee cha aina hiyo, na alikula kwetu mara nyingi kuliko kwake. Jioni moja alikuja akakuta mama amepika nyama ya bucha. Alinawa, akaombea chakula yeye mwenyewe, ombi refu lenye Chebet ndani, akaanza kula. Alikula kama kawaida yake, yaani vizuri sana. Alipokaribia kumaliza akaacha kutafuna.

"Kwani hii amechinja nani?"

"Si yule yule wa siku zote," mama akasema.

Anko Jared akatema. Hakutemea mkononi, alitemea sakafuni, katikati ya miguu yetu. Donge la kijivu, limetafunwa nusu, lina nyuzi, linang'aa mate kwenye sementi.

"Mnakula mkono wa watu waliomuua Chebet! Omera, ndugu yangu, kweli wewe?"

Baba alitazama sahani yake. Mama hakutazama chochote ila lile donge.

"Jared," alisema, "okota."

"Shemeji, mimi nasema ukweli."

"Okota kwanza. Ukweli utanitolea nje."

Aliokota. Lakini siku iliyofuata alikuwa akisema yale yale senta, na huko hakukuwa na mama. Bucha ikaanza kukosa watu. Wanawake walifika mlangoni, wakauliza nani amechinja, wakageuka. Kibanda cha Anko Jared kikajaa mpaka watu wakala wamesimama. Shuleni mtoto mmoja aliondoa begi lake karibu na la Zuhura kwa vidole viwili, vile unavyotoa panya aliyekufa. Zuhura akaniuliza, "Kwani tunanuka?" Nilimwambia hapana.

Siku mbili kabla ya mazishi, tuliamka tukasikia nzi. Ndiyo, nzi, kabla ya sauti ya mtu yeyote. Nilitoka na mswaki mdomoni. Mlango wa kina Zuhura ulikuwa umevikwa matumbo ya nguruwe. Yamezungushwa kwenye komeo, yananing'inia mpaka kizingitini, mengine yamepasuka, na uchafu wa ndani umeteremka kwenye mbao ukiwa bado na unyevu. Damu ilikuwa imepakwa kwa mkono. Uliweza kuona vidole.

Na wao walikuwa ndani. Mlango ulikuwa mmoja tu. Kwa dini yao nguruwe ni najisi, hata kumgusa, kwa hivyo walikuwa wamefungiwa na utumbo, baba, mama na mtoto aliyevaa sare ya shule. Kupitia dirishani nilimwona Zuhura amekaa juu ya masanduku yaliyofungwa kamba. Walikuwa wamepanga kuhama. Pikapu ya mjomba wao ingekuja mchana.

Watu wa laini walijaa. Hili ndilo linalonichukiza mpaka leo, kuliko hata ile harufu. Walikuwa ni watu waliokula harusini kwa mkono ule. Wengine walipiga picha. Mwanamke mmoja alifunika pua kwa leso huku akisogea mbele aone vizuri. Kijana mmoja akasema, "Si watoke, kwani mlango umewauma?" na watu wakacheka, kile kicheko cha puani. Baba yangu alisimama pale amevaa gambuti zake, akageuza kofia mkononi, akageuza tena.

Mama alikuwa ameshaingia kuchukua karai wakati kundi lilipopasuka katikati. Mama Chebet alikuwa amekuja. Alikuwa amejifunga leso, miguu peku, uso umevimba hadi macho yalikuwa mistari miwili. Alikuja kwa shughuli yake: kumwita Baba Zuhura akamchinjie ng'ombe wa matanga. Tangu msiba uanze watu walikuwa wakimwambia safari hii atafute mtu mwingine.

Aliutazama mlango. Kisha akayashika matumbo kwa mikono yake mitupu, akayavuta. Yalikatika, yakamwangukia miguuni, akainama akayazoa. Hakuna aliyecheka tena. Aliomba gunia, mama akampa la mbolea. Alipomaliza alienda pembeni, akashika mti wa chai, akatapika. Akajipangusa kwa upande wa mkono uliokuwa safi.

"Baba Zuhura!" aliita dirishani.

"Naam, Mama Chebet. Pole. Pole sana."

"Ng'ombe wa kesho kutwa amefungwa tayari. Unakuja au hukuji?"

"Mama, watu hawatakula. Nitakuharibia matanga ya mtoto. Sisi tunaenda."

"Ng'ombe wa harusi yangu alichinjwa na baba yako. Wa Chebet akienda chuo ulichinja wewe. Waliomuua mtoto wangu siwajui. Mkono wako naujua. Usinifanye nianze kuwajua watu upya wiki hii. Sina nguvu."

Hakungoja jibu. Alibeba gunia lile begani, likimdondokea mgongoni, akaenda nalo senta, na sisi nyuma yake. Hakuuliza nguruwe ni wa nani, maana pale kwetu aliyechinja nguruwe alikuwa mmoja. Alilitua juu ya meza ya Anko Jared, kando ya watu waliokuwa wakinywa supu.

"Umesahau mali yako," alisema. "Na kesho kutwa uje kuzika. Usikose. Nitakutafuta kwa macho."

Anko Jared akalisukuma gunia chini ya meza.

Mama na mimi tulirudi kuosha mlango. Mimi nilibeba maji kutoka kwenye bomba, mama akasugua kwa sabuni na majivu, na Baba Zuhura, akiwa ndani, akatuambia tusugue kwa udongo pia, kama dini yao inavyoagiza. Baba alikuja baadaye akachukua brashi bila kusema kitu. Pikapu ya mjomba ilipofika, mlango ulikuwa umelowa na unanuka sabuni, na Baba Zuhura alikuwa kizingitini ananoa kisu. Mjomba alifoka sana. Alirudi na pikapu tupu.

Siku ya mazishi ng'ombe alichinjwa vile vile, kisu nyuma ya mgongo, mnong'ono sikioni. Halafu chakula kikaiva, na watu hawakusogea. Mvuke ulipanda kutoka kwenye masufuria, wote wakajifanya wanaongea. Mama Chebet akachukua upawa mwenyewe, jambo ambalo mfiwa hafanyi. Akajaza sahani nyama mpaka ikafanya kilima, akapita katikati ya viti mpaka nyuma kabisa, kwa Anko Jared, akamwekea mapajani. Akasimama pale.

Watu wote waligeuka.

Na Anko Jared akala. Hakula kwa shida wala kwa aibu. Alikula kama alivyokula kwetu, mafuta yakamshuka kidevuni, akafyonza mfupa, na alipomaliza akasema, "Mama, ongeza mchuzi kidogo." Aliongezewa. Basi viti vikaanza kusogea, foleni ikawa foleni. Wapo waliokula kabeji na wali tu, siwezi kukudanganya. Lakini wengi walikula, na siku iliyofuata bucha ilikuwa na watu.

Mimi nilifurahi sana. Nilimtazama Anko Jared akitafuna nikadhani amekuwa mtu mzuri, kwamba moyo wake umegeuka mbele ya kaburi, kama watu wa kwenye mahubiri. Nilimwambia Zuhura, "Umeona? Ameacha kuwaogopa." Niliandika hata kwenye shajara yangu ya kwanza.

Ni likizo iliyopita tu nilipoelewa. Nilikuwa nachambua mboga na mama, nikamtajia ile siku Anko Jared alipotubu. Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Kutubu gani? Jared hakuwahi kuogopa nyama ya Baba Zuhura. Umesahau alikuwa karibu amalize sahani? Alitaka tu bucha ife."

"Na Mama Chebet alijua?"

"Ndiyo maana alimpakulia wa kwanza. Akishakula yeye, nani tena angesema?"

Kumbe hakukuwa na hofu ndani ya Anko Jared, wala dini, wala uchungu wa Chebet. Angekuwa na hofu, au angekuwa amechanganyikiwa na msiba, ningeweza kumhurumia. Alichukua mtoto wa mwenzake aliyeuawa, akamtumia kama tangazo la biashara. Na yule mama, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kusimama, ilibidi amlishe kwa mkono wake siku ya kumzika binti yake, ili jirani asihame.

Baba Zuhura bado anachinja senta. Zuhura yuko shule ya Longisa, na tukiwa likizo tunakaa tumeegemea ukuta wa nyumba zetu kama zamani. Anko Jared bado ana kibanda chake, bado huja kwetu, na akiingia hunyoosha mkono kwanza kwangu, "Aa, mwanafunzi!" Nampa mkono, kwa sababu nimefundishwa adabu. Kisha natoka nje kwenye bomba, nanawa.