Taa Nane Ziliwaka

Ipo siku moja ya Tunduma ambayo hunijia hadi leo, mwanangu, hasa nikiwa safarini na usingizi unanichukua dirishani mwa basi. Hunijia na upepo wake wa kipupwe, ule unaopuliza vumbi katikati ya malori, na harufu ya dizeli, na sauti za wabadilisha kwacha za Zambia wakiita wateja kwa lugha tatu. Nimekaa miji mingi baada ya hapo. Makambako, Mpanda, Kasumulu, na mingine niliyolala wiki moja tu nikaondoka bila sababu ya maana. Siku ile sijaweza kuihama.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimemaliza kidato cha nne, na watu walianza kuniita fundi. Tunduma bado ilihesabiwa mkoa wa Mbeya, na simu za kupangusa zilikuwa mikononi mwa wachache. Aliyetaka intaneti alikwenda dukani, akaketi mbele ya kompyuta, akasubiri. Mimi nilitengeneza kebo za kuziunganisha hizo kompyuta. Unakata waya kutoka kwenye boksi, unamenya ganda la nje, na ndani unakuta nyuzi nane, mbili mbili, zimesokotana kama nywele za mtoto wa kike: ya chungwa na mwenzake mweupe mwenye mstari wa chungwa, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Unazifumua kidogo, unazinyoosha, unazipanga, unazikata sawa, unazisukuma ndani ya konekta ya plastiki, kisha unaibana kwa koleo tuliloliita krimpa. Tak! Niliupenda mno mlio ule. Niliona kama dunia nzima inapita katikati ya vidole vyangu.

Aliyenifundisha ni Ba Chanda, mzee wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alivuka kila asubuhi kwa miguu, krimpa yake imefungwa kwenye kitambaa kama kitu cha kanisani. Hilo "Ba" ni heshima ya Kibemba, na hakuna kijana aliyethubutu kumwita Chanda tupu. Alikuwa ameniandikia mpangilio wa rangi kwenye kipande cha boksi, nikakitia mfukoni. Katika mpangilio huo, nyuzi mbili za kijani hazikukaa pamoja. Moja ilikuwa ya tatu, nyingine ya sita, na bluu mbili zimeingia katikati.

Mimi niliona ni fujo ya kizee. Kwa nini kijani atenganishwe na mwenzake? Nikaanza kupanga kwa akili yangu, kila rangi na ndugu yake, mstari mzuri wa kupendeza macho. Nilifanya hivyo upande huu wa waya na upande ule. Kebo zilikuwa fupi, za kutoka meza hii hadi ile, na zote zikafanya kazi. Nikaamini nimemzidi mzee, ila nikanyamaza.

Basi Ba Chanda akaenda msibani kwao, akaniachia kazi ya Mama Zuhura. Mama huyu alitoka Tanga, alikuwa na duka la steshenari pale Mpemba, nje kidogo ya mji. Dishi la intaneti lilikuwa juu ya paa la gesti iliyo nyuma, hatua kama themanini, na kebo ilipaswa kutoka huko hadi kwenye kompyuta yake ya dukani. Niliivuta kando ya ukuta, nikabana vichwa vyote viwili, nikachomeka testa, kile kifaa cha kupimia kebo chenye taa moja kwa kila uzi. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Nikamwambia, "Mama, hii utazeeka nayo."

Siku ya tatu akanipigia. "Fundi, njoo upesi. Una watu huku."

Nilimkuta binti anaitwa Esta, na baba yake amesimama nyuma ya kiti ameshika vyeti ndani ya mfuko wa nailoni. Walitoka Ndalambo jana yake. Esta alimaliza kidato cha sita, alikuwa anatuma maombi ya chuo, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Alikuwa amejaza fomu mara tatu. Kila akifika katikati, ukurasa unaganda, kisha unarudi mweupe.

Nikachomoa kebo, nikaweka testa mbele yao wote. Taa nane, moja baada ya nyingine.

"Mnaona wenyewe," nikasema. "Kebo nzima kabisa. Ni mtandao, uko chini huko Dar. Rudini kesho."

"Kaka, kesho dirisha limefungwa," Esta akasema. "Hakuna kesho."

"Sasa mimi nifanyeje, dada? Dar siyo yangu."

Mzee wake akaniangalia kwa upole ambao ungenichoma kama ningekuwa na akili. "Kama fundi amesema, basi," akamwambia binti yake. "Twende, gari lisituache."

Na mimi, mwanangu, nilijua kitu hakiko sawa. Sikujua ni nini, lakini nilijua. Testa iliniokoa mbele za watu, nikakubali kuokolewa.

Hawajatoka muda mrefu, Ba Chanda akaingia na viatu vya safari, amepita kuangalia kazi. Mama Zuhura akamsimulia yote. Mzee hakuulizia testa. Aliushika mwisho wa kebo, akauinua kwenye mwanga wa mlango, akaisoma ile konekta kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Mwaice," akaniita. Ndivyo wanavyomwita kijana kwao. "Kijani wa sita yuko wapi?"

"Nimemweka wa nne, mukwai," nikajibu kwa heshima ya kwao. "Karibu na mwenzake. Lakini taa zote zimewaka."

"Awe, mwaice, awe." Akatikisa kichwa. "Taa inakuambia waya umefika. Haikuambii umefika na nani. Wa tatu na wa sita wanabeba maneno pamoja. Kwa hiyo lazima wawe wawili waliosokotana. Wewe wa tatu umempa kijani, wa sita umempa bluu. Kwenye meza moja wanavumilia. Hatua themanini, kila mmoja amesafiri na mwenza asiye wake, wanasikia kelele za wengine tu."

"Nitaibadilisha sasa hivi."

"Utaibadilisha baadaye. Yule mtoto yuko wapi?"

"Stendi."

"Umemwambia kosa ni la Dar. Nenda ukamwambie ni la nani. Usimwite pembeni. Humo humo ndani ya gari."

Nilitaka kusema gari litakuwa limeshaondoka. Nilitamani liwe limeondoka. Nikapanda pikipiki hadi mjini na upepo unanitoa machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya upepo. Gari la Ndalambo lilikuwa linanguruma, kondakta anagonga bodi. Esta amekaa nyuma kabisa karibu na magunia, ameegemeza kichwa kwenye kioo.

Nikapanda. "Baba," nikasema. "Kebo ndiyo mbovu. Siyo Dar. Mimi ndiye nimekosea, nami nilikuwa na wasiwasi nikanyamaza. Naomba mshuke, bado kuna muda."

Gari lote likanigeukia.

"Fundi gani wewe?" mtu akapiga kelele. "Si ungekaa shule umalize!"

"Na redio yangu, muulizeni, ni yeye aliyeiua!" mwingine akadakia, watu wakacheka.

Bibi mmoja mwenye kuku mapajani akasema, "Mwacheni, amekuja mwenyewe bila kuitwa." Mzee wa Esta hakucheka wala kukasirika. Alimshika binti yake mkono, wakashuka.

Dukani Ba Chanda alikaa kwenye kiti na kunipa krimpa yake, ile ya kwenye kitambaa. Nyuzi zikanitoroka mara mbili. Esta akakichukua kile kipande cha boksi mkononi mwangu.

"Soma kwa sauti, kaka. Nami nafuatilia."

Nikasoma rangi za nyuzi nane zilizokuwa vidoleni mwangu kama mtoto wa darasa la kwanza, yeye akiitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Hapo bluu." Nikabana upande huu wa dukani, tukaenda wote kwenye paa la gesti, nikabana na upande ule. Jua lilikuwa limeegemea vilima vya Zambia fomu ilipofika mwisho na ukurasa ukaandika kwamba maombi yamepokelewa. Esta alilisoma neno hilo polepole, kisha akamsomea baba yake tena kwa Kinamwanga. Mzee akanipa mkono. Mkono mgumu wa jembe.

Wiki nzima iliyofuata, kwa amri ya Ba Chanda, nilizunguka Tunduma na Mpemba nikikata vichwa vya kebo nilizotengeneza, na kila duka nilieleza kwa nini. Wengine walinitania hadi nilipohama mji. Esta sikumwona tena. Nasikia tu jina hilo stendi mahali fulani, likiitwa na mtu mwingine, nami nageuka.

Nisikilize basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi ya mikono yako. Ukipewa mpangilio usiouelewa, uliza kabla hujaurekebisha. Ukijua moyoni kwamba kitu hakiko sawa, usijifiche nyuma ya kipimo kinachokusifu, wala usimtupie lawama aliye mbali asiyeweza kujibu. Mwenye shida amekaa mbele yako na muda wake unakwisha. Mwambie ni wewe, mapema, hata kama gari zima litakucheka, maana kicheko kitapita na yeye atabaki na nafasi yake.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akupe mwalimu atakayekupenda kiasi cha kukuaibisha, na siku ukikosea, akukutanishe na watu watakaokubali kushuka.