Ncha ya Kitenge

Juzi, sokoni Nyamianda, nilimwona mama mmoja akichagua ndakala, wale samaki wadogo wakavu, huku mtoto wake ameshika ncha ya kitenge chake. Nikasikia tena harufu ya sombe, majani ya muhogo aliyopika mama yangu.

Mchana mmoja, nilipokuwa mdogo, bunduki zilisikika upande wa milima. Mama alikuwa anapika na mdogo wangu mgongoni, ingawa mtoto alilia kutaka kushuka. Nikaona wivu.

"Mama, na minye unibebe."

"Weye uko na miguu. Shika hapa," akanipa ncha ya kitenge.

Nilidhani ananibembeleza. Leo najua alikuwa tayari kukimbia nasi wakati wowote. Nilipoiachia ncha ile nimfuate paka, mwiko wa mama ulianguka majivuni. Alikuwa amehisi kitenge kimelegea, ameshageuka kunishika.