Mtoto Aliyeogopa Choo cha Bi Mize

Godoro la sufi likilowa mkojo halikauki siku hiyo hiyo. Linaanikwa juani, juu linaonekana kavu, lakini ukilibonyeza linatoa harufu kali inayokaa puani hata baada ya kuoga. Harufu hiyo ndiyo inayonirudisha Chake Chake, nyumbani kwa Bi Mize, msimu wa karafuu nilipokuwa na umri wa miaka minane. Mama alikuwa amelazwa hospitali kwa mimba iliyomsumbua, baba alibaki kwetu Pujini akichuma karafuu, na mimi na mdogo wangu Salma, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajatimiza, tulipelekwa kwa Bi Mize, shangazi yake mama, mpaka Mungu alete kheri. Pale wodini mama alinishika kidevu akaniambia, "Mwangalie mdogo wako. Usimwache peke yake." Niliitika, na tangu hapo sikutulia.

Kwetu Pujini, Salma alikuwa ameshaacha kukojoa ovyo. Akibanwa alivuta kanga ya mama, naye akampeleka nyuma ya jiko, penye mchanga na migomba, akachuchumaa huku kuku wakimtazama, basi. Kwa Bi Mize hakukuwa na mchanga. Choo kilikuwa ndani, mwisho wa ukumbi, chumba chembamba cha saruji chenye kidirisha kidogo juu kabisa. Kila nilipomfikisha mlangoni alijikaza mwili mzima, akalia, akaning'ang'ania shingoni. Nikimtoa ananyamaza, na haupiti muda nasikia maji yakitiririka sakafuni, au usiku, godoroni. Ingekuwa nyumba nyingine labda watu wangecheka. Lakini Bi Mize alisomesha chuo cha Kurani. Kila alasiri watoto wa mtaani walijaa ukumbini na juzuu zao, wakakaa juu ya mikeka ambayo yeye mwenyewe aliitumia kusalia. Mkojo ukigusa mkeka, mkeka unatolewa nje, unamwagiwa maji, unaanikwa, na somo linasimama.

Bi Mize hakuwa mkali. Angekuwa mkali, labda ningejua la kufanya. Alivuta pumzi tu, akajifunga kanga kiunoni, akabeba mkeka. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilijifunza kumsoma Salma: akinyamaza ghafla, au akikanyaga mguu mmoja juu ya mwingine, nilimnyakua na kukimbia naye hadi kiwanja kitupu ng'ambo ya njia. Mara nyingine haikuwa kitu, alikuwa anaangalia mdudu tu. Michezo niliiacha. Nilikula huku nimeinuka nusu, tayari kuondoka. Hata nikisoma, jicho moja lilikuwa kwake, na Bi Mize akawa ananirudisha aya ile ile tena na tena.

Asubuhi moja nikamsikia akizungumza na jirani yake uani, wakichagua mchele. "Huyu mkubwa ananifaa," alisema, "lakini mdogo nadhani nimpeleke Vitongoji kwa jamaa za baba yake. Kule kuna uwanja, na hakuna chuo." Alisema kwa upole, kama mtu anayemtafutia mtoto mahali pazuri. Vitongoji si mbali, lakini mama hakuniambia nimwangalie mdogo wangu mpaka Vitongoji. Aliniambia nisimwache.

Alasiri yake mvua ilikuja ghafla katikati ya chuo, ikapiga mabati hata sauti za wasomaji zikapotea. Nikamwona Salma amenyamaza. Sikufikiri. Nilimbeba nikatoka naye mbio, nikateleza kwenye tope kabla ya kufika kiwanjani, tukaanguka wote wawili, naye akanikojolea kifuani. Nilirudi naye hadi barazani, lakini ndani sikuingia. Nilisimama pale mchirizi unaponimwagikia, Salma akinililia sikioni, mpaka Bi Mize akatokea mlangoni.

"Mbona umesimama mvuani, mwanangu?"

"Nguo zangu zina najisi, bibi," nilimjibu, na maneno mengine yakatoka yenyewe. "Usimpeleke Vitongoji. Nitafua mikeka yote mimi."

Bi Mize akawaambia watoto waende zao mvua ikipungua, akatuvuta ndani na tope letu, akatuogesha, akatufunga kanga zake mwenyewe. Alipomaliza akamwinamia Salma akamuuliza jambo ambalo mimi, kwa mbio zangu zote, sikuwahi kumuuliza. "Chooni mna nini, mama?"

"Mna giza," Salma alisema. "Mna shimo."

Bi Mize hakucheka. Alichukua kigoda, akakiweka chooni, akauacha mlango wazi kabisa. Aliketi kwa taabu, maana magoti yalimuuma, akanyoosha miguu yake miwili huku na huku ya shimo, akamkalisha Salma juu ya miguu hiyo, uso kwa uso. "Shika magoti yangu. Huwezi kutumbukia mpaka nitumbukie mimi, na mimi shimo hili halinitoshi." Salma akacheka. "Haya, shii, shii." Na kweli, akakojoa. Niliketi sakafuni pale pale ukumbini, nikalala, nadhani, kwa sababu nilipofumbua macho mvua ilikuwa imekwisha.

Vitongoji hakwenda mtu. Mama alitoka hospitali na mtoto wa kiume, na tuliporudi Pujini Salma aliukataa mchanga, akadai miguu ya kukalia, mama akabaki kushangaa.

Sasa naishi Unguja, nami ni mama. Nikisafiri na mtoto wangu mdogo nabeba pampasi na poti ya plastiki, na vyoo vingi ninavyofikia vina taa. Hata hivyo situlii. Sikukuu iliyopita tulikuwa nyumbani kwa wifi yangu, zulia jipya limetandikwa, na kila dakika nilikuwa namtupia mtoto jicho. Binti yangu mkubwa akaliona hilo. "Mama," akaninong'oneza, "nimwangalie mimi?" Nikamtazama. Meno ya mbele hayajamaliza kuota, kamba za gauni kazifunga vibaya. Ana miaka minane. Sikuwahi kujua kuwa miaka minane ni midogo kiasi hiki.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Nenda kacheze."

Alikuwa ameshafika nje kabla sijamaliza kusema.