Siku niliyochinja kwale kando ya barabara ya Moa, mama mkwe akauliza "Kachinja nani?"

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wote mtakaoniamkia, marahaba yenu naitoa sasa hivi, maana nachapa kwa kidole kimoja na kurudi nyuma siwezi.

Nimesoma uzi wa vijana mnaotambiana kuwinda ndege. Mmoja kaandika kwamba kazi ya mwanamke ni kunyonyoa tu. Nimecheka mpaka mjukuu wangu akaja kuchungulia kama mimi ni mzima.

Basi niwaambie yaliyonikuta mimi mwenyewe miaka ya hamsini. Sitatia chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema.

Kwetu ni karibu na Moa, kule mpakani. Baba alikuwa na gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti na marisau kwa mdomoni. Kibali chake cha bomani alikiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, na kila tukitaka chai lazima kwanza tusalimiane na kibali.

Aliwinda kwale. Pori lake mwenyewe hakuwa nalo. Aliwinda kandokando ya barabara na kwenye vichaka vya serikali, ambako mwenye kibali hakuzuiwa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na shamba la mkonge la watu. Humo mlinzi akikukamata, umekwisha.

Mwenzake alikuwa Yohana, Mshambaa, Mlutheri, mkata mkonge. Huyu alikuwa na macho, msifanye mchezo. Baba anaona majani, Yohana anaona kwale watatu na mmoja anachechemea.

Utaratibu wao ulikuwa hivi: Baba akishapiga, kaka yangu Bakari anatimua mbio na kisu. Akimkuta ndege yu hai anamchinja, tunakula sisi. Akimkuta keshakufa, kwetu Waislamu huyo haliwi, anakuwa wa Yohana.

Sasa wakuu, Bakari alikuwa mzito wa mbio. Watoto wa Yohana walinenepa kwa uzito wa kaka yangu! Na Yohana akipewa ndege anajitia huzuni, "Pole sana mzee," huku kikapu keshakifungua. Baba alikuwa akimwita mrithi.

Ndipo ikaja posa yangu.

Mposaji alikuwa Hamadi wa mjini, Chumbageni, tarishi katika ofisi moja huko Raskazone. Nilikuwa nimemwona mara mbili kwenye harusi ya binamu yangu, na mara ya pili nilihakikisha na yeye ananiona. Nilimtaka. Kwa umri huu nimfiche nani?

Tatizo lilikuwa mama yake, Bi Mwanasha. Baba wa Hamadi alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la huyu mama. Na sifa zake zilitufikia kabla yake: akiwekewa nyama, kwanza huuliza, "Kachinja nani?" Jibu lisipomridhisha, ananyanyuka. Kuna nyumba alishanyanyuka hivyo hivyo, na posa ya binti wa watu ikafia hapo hapo.

Na Baba naye, kwa majigambo yake, alishatangaza kwamba mgeni wake hali kuku. Wageni watakula kwale.

Asubuhi ya siku yenyewe Bakari hakuweza kukanyaga chini. Jana yake alichomwa na mwiba, mguu ukavimba. Baba goti lake lilikuwa bovu.

Mama akasema, "Mchukue Mwanaidi. Mbio anazo."

Baba akanitazama. "Utamkamata ndege na kumshika tu," akaniambia. "Kuchinja nitakuja mwenyewe."

Nikapewa kisu, nikajifunga leso kiunoni, nikafurahi kama naenda sikukuu.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Majani yakilowa, kwale huwa wanatoka barabarani kujikausha kwa jua la kwanza. Tukajibanza. Yohana akaonyesha kwa mdomo, hata kidole hakuinua. Watatu, wamekusanyika katikati ya njia.

Gobore likalia. Moshi ukafunika barabara yote.

"Kimbia, wanakufa hao!" Baba akapiga kelele.

Nikaruka. Wa kwanza nilimkuta keshakufa. Wa tatu, bawa limevunjika, anakimbilia kwenye mkonge. Wa pili nikamdaka anatapatapa.

Nikageuka kumtafuta Baba. Alikuwa mbali kule, anajikokota na goti lake. Aliyekuwa amefika ni Yohana, kikapu wazi, anatabasamu.

"Mzee hamuwahi ndege huyo, mwanangu," akasema kwa upole kabisa. "Weka tu hapa."

Wakuu, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba mwanamke akichinja ni halali. Lakini kwa macho yangu sikuwahi kumwona hata mmoja akichinja.

Kilichonichinjisha ni lile tabasamu la Yohana.

Kibla kwetu ni huko huko barabara inakoelekea, upande wa Mombasa, kwa hiyo sikupata shida ya kutafuta. Nikamlaza ndege, nikasema Bismillahi, nikapitisha kisu. Kisha nikaingia kwenye mkonge wa watu, mlinzi hata sikumkumbuka. Ile miiba ilinichana mikono yote miwili. Nilitoka na wa tatu, naye nikamchinja.

Baba akafika anahema. Akatazama ndege, akanitazama mimi, akatazama barabara huku na huku kama kuna aliyeona.

"Haya," akasema. "Tumechinja. Nyumbani usiseme."

Yohana akachukua yule mmoja aliyekufa. Safari hii huzuni yake ilikuwa ya kweli.

Mchana wageni wakafika. Wanaume barazani, wanawake ndani. Mama alipika wali wa nazi na kwale wa kupaka. Kwale wawili kwa watu wote wale, tui ndilo lililotusitiri.

Nikaingia na birika kuwanawisha. Bi Mwanasha akaitazama mikono yangu, imejaa mikwaruzo. Akatazama sahani.

"Kachinja nani?"

Mama hakuambiwa kitu, ila mikwaruzo yangu alishaisoma, akajibu haraka, "Baba yake ndiye aliyekwenda kuwinda."

"Sikuuliza kawinda nani."

Ningeweza kunyamaza. Kichwani nilishamwona Hamadi anaondoka hivi hivi. Lakini nikawaza, nikimdanganya leo huyu mama, nitaishi naye nyumba moja nikiogopa kila sahani.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nimeelekea kibla na nimetaja jina la Mungu." Na maji nikammwagia gotini.

Akaushika mkono wangu, akaugeuza.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa atakufa, Yohana amchukue."

Akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Akasema, "Mwenzenu tangu nifiwe nina kuku uani tele, na nikitaka kula mmoja nazunguka Chumbageni nzima natafuta mwanamume. Huyu yuko kazini, yule kasafiri, yule anataka apewe shingo. Kuku wangu wanakufa kwa uzee!"

Mama akauliza taratibu, "Na Hamadi?"

"Hamadi akiona damu anazimia."

Akachukua paja, akatafuna, kisha akapaza sauti kuelekea barazani: "Kuleni jamani! Mkwe wangu kachinja mwenyewe!"

Huko nje tulimsikia Baba anapaliwa. Na tulimsikia Yohana, naye alikuwa amealikwa, anacheka kuliko wote.

Tukaoana. Siku ya kwanza nilipoamka Chumbageni, mama mkwe hakunipa kanga wala bangili. Alinipa kisu, akanionyesha uani. "Anza na yule jogoo mweusi."

Mpaka anafariki, hakula kuku wa mkono mwingine, na swali lake hakuliuliza tena nyumbani mwetu. Hamadi wangu miaka yote ile alikuwa akigeuza uso ukutani, Mungu amrehemu, nilimpenda na uoga wake.

Nilichojifunza ni kwamba jambo lile lile tulilotaka kulificha kwa aibu ndilo yule mama alikuwa akilitafuta kila nyumba. Tungedanganya, asingelipata kwetu.

Sasa semeni na nyie. Kwenu mwanamke anachinja, au kuku anashinda kafungwa miguu akimsubiri baba arudi?

Na wewe kijana wa kunyonyoa, karibu Chumbageni siku yoyote. Nitachinja mimi, utanyonyoa wewe.